Moto wa Karanga umezimwa, kifua changu bado kinabana: Shangazi, nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 28, naishi Kibosho, kazi yangu ni upagazi Mlima Kilimanjaro. Huku tunaitwa wagumu, na jina hilo nililibeba bila shida: mzigo wa kilo 20 kutoka geti la Machame hadi kambi ya Barafu, na jioni nikifika kambini bado nina nguvu za kwenda kuteka maji.

Oktoba 21, 2022, usiku, moto ulipoanza karibu na kambi ya Karanga, tulikusanywa vijana wengi, tukapanda kusaidia. Shangazi, kule juu hakuna gari la zimamoto wala mipira ya maji. Tulipiga moto kwa matawi mabichi, tukafyeka na kuchimba kwa mapanga na majembe ili usivuke. Upepo ukigeuka, moshi unakufunika mpaka humwoni mwenzako aliye hatua chache mbele yako. Usoni nilikuwa nimefunga kitambaa nilichokilowesha maji. Tulikaa huko siku kadhaa. Makohozi yalikuwa yanatoka meusi, macho yamevimba, kichwa kinagonga usiku kucha.

Niliposhuka, kichwa kilipona haraka na makohozi meusi yakaisha. Kikohozi ndicho kimegoma kuondoka. Sasa ni Desemba. Ni kikohozi kikavu, kinanishika zaidi usiku wa manane na alfajiri kukiwa na baridi, hata nikicheka. Kile kilima cha kutoka barabarani hadi nyumbani nilikuwa nakipanda huku naongea na simu. Siku hizi nasimama njiani mara mbili. Kifua kinabana, na wakati mwingine nikitoa pumzi nasikia mluzi ndani.

Dawa nimetumia. Duka la dawa walinipa antibayotiki, nikamaliza dozi, wakanibadilishia nyingine, kisha dawa ya maji ya kikohozi. Sioni tofauti. Mama ananipa maziwa kila asubuhi, anasema yanasafisha moshi kwenye mapafu. Mama mdogo alinifukiza nyungu ya majani ya mkaratusi, nikatoka chini ya blanketi nimebanwa kuliko nilivyoingia. Hospitali sijaenda. Naogopa kuambiwa nina TB. Habari kama hiyo ikisambaa, hakuna msafara utakaonichukua.

Kwa kuwa siwezi kupanda, rafiki yangu amenipa kazi kwenye baa yake, nachoma nyama kuanzia saa kumi jioni. Siku ambazo siendi, nakaa na mama jikoni. Ana miaka 63, ana presha, na yeye pia hukohoa asubuhi ila anasema ni uzee. Jiko letu ni la nje, la kuni, na tangu baba afariki hiyo ndiyo saa yetu ya kuzungumza.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Nikisikia harufu ya mtu anachoma majani shambani, nashtuka, moyo unaenda mbio, na usiku huo silali.

Naomba unijibu: mapafu yangu yameharibika kabisa? Kuna dawa ya kusafisha moshi? Na kiongozi wangu amenipigia, kuna kundi linapanda Desemba 28 kwa njia ya Machame, siku saba. Nikikataa, nafasi anapewa mwingine, na msimu ndio huu. Niende?

Mgumu, Kibosho

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na ahsante. Mlima ule ndio chanzo cha maji yenu na riziki yenu, na ninyi ndio mliokwenda kuusimamia kwa matawi mikononi, kama walivyofanya wenzenu Oktoba 2020 moto ulipoanzia eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo. Mtu aliyefanya kazi ile hastahili kukohoa peke yake gizani akijiona amelegea.

Nianze na jambo lililonishtua kuliko yote katika barua yako. Unaniuliza utaponaje moshi, na kumbe hujatoka kwenye moshi. Ulishuka kutoka Karanga, ukaingia kwenye jiko la nyama choma saa kumi jioni, na siku ya mapumziko ukaketi jikoni kwa mama kwenye kuni. Mapafu yako hayajui kwamba moshi wa mlimani ni janga na wa nyumbani ni mapishi. Yanachokiona ni chembechembe zilezile, na tangu Oktoba hayajapata wiki moja ya kupumzika. Mengine yote nitakayokuambia yatafanya kazi nusu tu kama hili halijabadilika.

Sasa uelewe kilichokupata. Moshi wa vichaka una gesi na una vumbi laini sana. Gesi inayoitwa kaboni monoksaidi hujishika kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na kwenye mwinuko wa Karanga, mita kama 4,000, oksijeni yenyewe tayari ni haba. Ndiyo maana kichwa kiligonga usiku kucha. Gesi hiyo hutoka. Ukivuta hewa safi, kila baada ya saa nne hadi sita kiasi chake kwenye damu hupungua kwa karibu nusu, kwa hiyo kichwa kupona ulipofika chini ni jambo la kutegemewa, na hakuna sumu hiyo iliyobaki mwilini mwako leo.

Vumbi ndilo lenye hadithi ndefu. Chembe zinazosumbua zaidi zina kipenyo kisichofikia mikroni 2.5, na unywele wa kichwa chako una mikroni kama 50 hadi 70. Kitambaa chako, hata kikilowa, kilizuia majivu makubwa uliyoyaona kwa macho. Hizi ndogo zilipita kwenye nyuzi zake na kwenye nafasi za pembeni ya pua. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu kuupeleka juu, ukohoe au uumeze. Moshi mwingi huvilemaza kwa muda na kuvimbisha ngozi laini ya ndani. Makohozi meusi yalikuwa ishara ya mwili kujisafisha, na ulipotoka juu kazi hiyo ikaendelea mpaka yakawa meupe. Uvimbe ndio umebaki. Njia za hewa zimekuwa nyepesi kuudhika: baridi ya alfajiri, kicheko, kilima, harufu kali, vyote vinazifanya zijikunje. Ule mluzi unaousikia ukitoa pumzi ni hewa inayopita penye wembamba.

Uliuliza kama mapafu yameharibika kabisa. Kwa kijana wa umri wako, ambaye kabla ya hapo alikuwa anabeba kilo 20 hadi Barafu, matumaini ni makubwa kwamba utarudi. Watu wengi waliovuta moshi wa moto wa msituni hupata nafuu ndani ya siku chache au wiki mbili. Lakini wewe umeshapita wiki sita, na siwezi kukuambia subiri tu. Mwaka 2017, wakazi wa mji mdogo wa Seeley Lake, jimbo la Montana huko Marekani, walikaa siku 49 kwenye moshi mzito wa moto wa msituni. Watafiti walipowapima tena mwaka uliofuata, wengi walikuwa na pumzi pungufu kuliko inavyotakiwa, ingawa moshi ulishaondoka zamani. Wapo pia watu ambao moshi mwingi huwaachia pumu ambayo hawakuzaliwa nayo. Dalili zako za kubanwa usiku, mluzi na baridi zinafanana na hizo. Sikupi jina la ugonjwa kwa barua. Ninachosema ni kwamba pumzi yako ipimwe, maana kitu hiki kina kipimo na kina tiba.

Kwa hiyo wiki hii, hospitali. Najua unachokiogopa, na nitakisema wazi. Nchini kwetu mtu yeyote anayekohoa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa TB, awe mgumu, mwalimu au mbunge. Moshi haukupi TB, hiyo inaletwa na bakteria. Ila ninyi wapagazi mnalala wengi kwenye hema moja lililofungwa kwa baridi, na mmoja akiwa nayo wote mnaivuta. Kipimo cha makohozi ni bure katika vituo vya serikali, dawa ni bure, na majibu ni siri yako. Kwenu Kilimanjaro ndiko iliko Kibong'oto, hospitali ambayo imetibu kifua kikuu kwa miongo mingi. Ikikutwa, unatumia dawa kama miezi sita, unapona, unarudi kazini. Isipokutwa, umeondoa mzigo unaoubeba tangu Novemba. Linalokunyima msafara ni kukohoa mbele ya wageni bila kujua sababu.

Ukiingia kwa daktari usiseme tu "nina kikohozi," utarudishiwa antibayotiki zilezile. Mwambie hivi: nilizima moto mlimani siku kadhaa mwishoni mwa Oktoba, nilivuta moshi mwingi, nilitema makohozi meusi, tangu hapo nakohoa usiku na alfajiri, nabanwa nikipanda kilima, nasikia mluzi. Nimetumia dawa hizi na hizi. Chukua maboksi yake uende nayo. Omba kipimo cha makohozi, picha ya kifua, na kupimwa pumzi kwa spirometa, ile mashine unayopulizia kwa nguvu mpaka hewa iishe. Hupuliza kwanza, kisha hupewa dawa ya kupanua njia za hewa, baada ya dakika 15 hivi hupuliza tena. Pumzi ikiongezeka sana mara ya pili, njia zako zimebanwa na zinafunguka, na hiyo ni habari njema. Mashine hii haipo kila kituo. Wasipokuwa nayo omba uandikiwe rufaa, na hospitali ya KCMC kwenu si mbali.

Watakubana pia kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu, ambacho viongozi wenu huwapima nacho wageni kila jioni kambini. Umezoea kuona namba za 80 na kitu kule Barafu, na hakuna anayeshtuka. Usizichanganye na za nyumbani. Huku chini mtu mzima mwenye mapafu mazima hutarajiwa kuwa na 95 au zaidi. Ukikutwa Kibosho una chini ya 92 ukiwa umekaa, hiyo si ya kusubiri kesho.

Nakuomba pia uniahidi kwamba hutasubiri miadi ukiona lolote kati ya haya: huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, midomo inageuka rangi ya bluu au kijivu, unakohoa damu, kifua kinauma ghafla, au unapata homa kali. Hapo ni bodaboda au gari, usiku huohuo. Kutoa jasho la usiku na kupungua uzito kunakwenda upande wa TB, uyataje kwa daktari hata asipouliza.

Daktari akikuta njia za hewa zimevimba, huenda akakupa pampu. Watu wetu wanazikimbia pampu, wanasema ukianza huachi. Si kweli. Pampu hupeleka dawa kidogo moja kwa moja mahali pa ugonjwa, na wengi walioumizwa na moshi huitumia kwa muda kisha huiacha kwa maelekezo ya daktari. Kuna ya kufungua njia haraka, salbutamol, ambayo mara nyingi ni ya bluu, na kuna ya kutuliza uvimbe, ambayo hutumiwa kila siku na huchukua siku hadi wiki kuonyesha kazi yake. Hii ya pili ndiyo inayoponya uvimbe, na ndiyo watu huiacha mapema kwa sababu hawakuona muujiza siku ya kwanza. Ukishaivuta, sukutua mdomo kwa maji uteme.

Shida kubwa ya pampu ni kwamba dawa nyingi hupiga koo na kubaki hapo. Niliyafanyia kazi haya wodini miaka mingi, kwa hiyo nikuelekeze kitu cha bure. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani. Kwenye kitako chake toboa tundu lenye umbo na ukubwa wa mdomo wa pampu, kwa waya uliopashwa moto, ili pampu iingie kwa kubana. Pembeni ziba kwa gundi au selotepu hewa isivuje. Tikisa pampu, ichomeke kwenye tundu, toa pumzi yote nje, weka midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja tu, kisha vuta taratibu na ubane pumzi ukihesabu hadi kumi. Kama ni mbonyezo wa pili, subiri kidogo, tikisa tena, urudie. Chupa ya namna hii ilipimwa Afrika Kusini kwa watoto wenye pumu, ikafanya kazi vizuri kama vifaa vya kununua. Mwonyeshe muuguzi jinsi unavyofanya ili akurekebishe.

Sasa hiyo dawa ya kusafisha moshi. Haipo, mwanangu, na usimlipe mtu anayekuuzia. Maziwa ni chakula kizuri, mnywee mama yako maziwa yake kwa upendo, lakini yanakwenda tumboni, na tumbo na mapafu ni njia mbili tofauti. Wapo waajiri wanaowapa vibarua wa vumbi na moshi maziwa badala ya barakoa za maana, na hilo linaniudhi sana, kwa sababu mtu huamini amekingwa kumbe hakukingwa na kitu. Maji ya kutosha yanasaidia kulainisha makohozi, na kijiko cha asali hutuliza koo la mtu mzima. Nyungu iache. Mvuke wa mkaratusi huwabana zaidi watu ambao njia zao tayari zimeudhika, na wewe umeshaliona hilo mwenyewe. Nimewahi kuuguza pia watu walioungua kwa sufuria ya nyungu iliyopinduka chini ya blanketi. Antibayotiki huua bakteria, hazitulizi uvimbe wa moshi. Na mtu wa duka la dawa akikupa vidonge vya prednisolone, dawa kali ya kutuliza uvimbe, bila daktari kukuona, kataa. Inatuliza kweli kwa siku chache, lakini inaweza kuficha ugonjwa mwingine na ina madhara yake. Hiyo ni ya kuandikiwa.

Turudi kwenye moshi wa kila siku, maana hapa ndipo kazi yako mwenyewe ilipo.

Rafiki yako wa baa ni mtu mwema, alikupa kazi ulipokwama. Mwambie ukweli kwamba daktari lazima akupime kifua na kwa sasa huwezi kusimama kwenye jiko. Omba kazi ya kukata nyama, kuhudumia meza, kupokea mizigo, chochote kilicho mbali na mafuta yanayodondokea makaa, kwa sababu ule moshi mweupe wa mafuta una chembe zilezile nilizokueleza. Akikuambia hana nafasi nyingine, basi angalau simama upande upepo unakotoka, geuza nyama kisha ondoka, usiegemee jiko ukipiga soga. Barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni inazuia chembe hizi, ya kitambaa haizuii. Lakini kuchoma nyama kutwa na N95 ukiwa na kifua kinachobana ni mateso, na sikushauri uifanye kuwa mpango. Na kama unavuta sigara, hukusema, acha leo.

Jiko la mama ni zito zaidi, na najua kwa nini. Hiyo saa ya jioni ni ya thamani kuliko dawa nyingi. Ukimwambia "moshi wa jiko lako unaniua," atasikia unamlaumu kwa kukulea. Lakini naye anakohoa kila asubuhi na ana presha. Moshi haukai kwenye mapafu peke yake, chembe ndogo huleta uvimbe unaogusa mishipa na moyo pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2, na wanaoubeba zaidi ni akina mama na watoto wadogo. Kikohozi chake cha asubuhi kisiitwe uzee mpaka kimepimwa. Naye umpeleke, siku hiyohiyo unayokwenda wewe, akapimwe makohozi na presha. Ukimwomba akusindikize hospitali kwa sababu unaogopa, atakubali. Ukimwambia anaumwa, atakataa.

Kuhusu jiko, anza na yale yasiyogharimu. Hamisheni mazungumzo: menyeni ndizi na kuchambua maharage nje, mlangoni, kabla moto haujawashwa. Ukishawashwa, anayekaa ndani awe anayekoroga tu, na kwa muda mfupi. Maharage yalowekwe tangu usiku, yaive mapema. Kuni zikauke kweli. Wewe ndiye kijana wa nyumba, zipasue ndogo na uzipange juani au chini ya paa wiki kadhaa kabla. Kuni mbichi, magunzi yenye unyevu na plastiki ya kuwashia moto ndivyo vinavyoleta ule moshi mzito unaochoma macho. Fungua tundu juu ya ukuta upande wa pili wa mlango ili moshi upite, au fundi awawekee bomba la kutolea. Fedha ikipatikana, nunua mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu, na usiulete kama amri ya kuzima kuni. Mletee kwa ajili ya chai ya asubuhi na kupasha chakula. Mapishi marefu ataendelea na kuni kwa muda, na hata hivyo moshi utakuwa umepungua sana. Novemba 2022 Rais Samia aliongoza mjadala wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, na nilifurahi kuona jambo la jikoni limepewa uzito huo, lakini kwenu anayeweza kulianza ni wewe.

Huko kwenu kuna baridi ya usiku. Msiingize jiko la mkaa chumba cha kulala hata mara moja, maana ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala haionekani, na inaua watu wakiwa usingizini.

Koti, blanketi na begi ulivyopanda navyo, vifue vyote. Majivu yakibaki kwenye nguo unayavuta kila ukiitikisa. Ndani ya nyumba nyunyiza maji kabla ya kufagia.

Kuhusu harufu ya majani yanayochomwa. Ulizungukwa na moto, humwoni mwenzako, na mwili wako ulijifunza kwamba harufu ile ni hatari. Kushtuka namna hiyo kunawapata watu wengi waliotoka kwenye moto, hata askari wa zimamoto wenye miaka mingi kazini, na kwa wengi hupungua. Kwako imepita mwezi na bado hulali, kwa hiyo mtajie daktari jambo hili kama ulivyomtajia kikohozi, aombe mshauri wa afya ya akili akuone. Na mtafute mmoja wa wale mliokuwa naye kule juu. Muulize analalaje. Nina hakika hauko peke yako, ila kila mmoja anaogopa kuanza kusema kwa sababu ya hilo jina la wagumu.

Mazoezi usiyaache yote, kifua kilicholala hudhoofika. Tembea tambarare kila siku mahali pasipo vumbi wala moshi, mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima. Ukibanwa, simama, vuta kwa pua, toa polepole kwa midomo iliyobanwa, mpaka utulie. Kilima cha nyumbani kitakuwa kipimo chako baadaye, kwa sasa kipande taratibu.

Na safari ya Desemba 28: usiende.

Najua msimu ndio huu na najua mtungi wa gesi niliokuambia ununue unategemea mlima huohuo. Sababu yangu si kikohozi peke yake. Wewe unajua kwamba mwinuko unaweza kujaza mapafu maji, na dalili zake za mwanzo ni kukohoa, kubanwa na kuchoka kuliko kawaida. Ukipanda ukiwa tayari unakohoa na kubanwa, kule Lava Tower au Barafu mapafu yakianza kujaa, wewe utasema "ni ule moshi wangu wa Oktoba," kiongozi atasema hivyohivyo, na saa ambazo ulipaswa kushushwa zitapita. Hewa ya usiku kule ni kavu na ya baridi, ndiyo hasa inayokubana hata Kibosho. Kwa mlima mrefu, nisingekuruhusu kabla hujapata majibu ya TB, hujapimwa pumzi, daktari hajakubali, na hujakaa wiki mbili mfululizo bila kubanwa usiku, huku kilima cha nyumbani ukikipanda na kuzungumza kama zamani. Ukifika hapo Januari au Februari, bado kuna makundi kabla ya mvua za masika, na omba safari ya kwanza iwe fupi na mzigo uwe mwepesi.

Mpigie kiongozi wako leo, asikusubiri mpaka tarehe 26 ndipo akukose. Mwambie: "Kaka, tangu tulipozima moto Karanga kifua hakijakaa sawa, naenda kupimwa wiki hii. Ya tarehe 28 mpe mwingine, na nikipata ruhusa ya daktari nitakuletea karatasi, unipange makundi ya Februari." Kisha muulize kama kuna wenzako wengine wa kundi lile wanaokohoa. Kama wapo, wapelekeni pamoja.